Mama Chupa na Maji Yaliyopauka

Ndugu zangu, majirani, wafugaji wa kome wa ghuba yetu, watafiti wa kituo cha bahari na wote mliofika, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ninayewasomea ni binti wa kaka mkubwa wa mume wa marehemu, kwa hiyo yeye alikuwa mama yangu mdogo, na kazi hii alinipa mwenyewe akiwa kitandani, akanionya nisisome mbiombio kama mtu aliyeacha chungu jikoni, na nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha akacheka, kwa sababu wengi wenu hamkumjua kwa jina lingine ila Mama Chupa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika hospitali ileile ambako mama yake mzazi alikuwa mfuaji wa mashuka, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na baba yake alikuwa mpiga picha mwenye studio ya chumba kimoja, pazia jekundu mbele, kibanda cha giza cha kusafishia picha nyuma. Alikulia humo, akishika taa huku baba yake akiwapanga wateja, na maneno aliyopenda kuyarudia ya mzee huyo ni haya, "Mwanangu, taa ikiwa mbaya, hata bibi harusi anaonekana mgonjwa."

Alianza shule ya msingi Januari 1968 na kumaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni hadi mwaka 1980, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa kubisha, kisha akajiunga na chuo kikuu mwaka 1981 kusomea elimu ya mimea. Mwaka wa pili wa masomo hayo mwalimu wake aliweka tone la maji ya bahari chini ya hadubini akamwita atazame, naye akaona ndani ya tone lile vijimea vingi, vingine kama mikufu, vingine kama makopo yenye mikia, vyote vikiwa hai, na tangu siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi tena kuingia baharini kuogelea bila kujiona anapita katikati ya shamba la watu. Alihitimu mwaka 1984, akasoma tena nje hadi mwaka 1989, na alirudi na sanduku moja la nguo na mawili ya chupa.

Tarehe 1 Februari 1990 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa bahari, akapewa chumba cha chini, nyuma ya stoo ya injini za boti, chumba kilichonuka dizeli na mwani uliooza, akapaka madirisha rangi nyeusi, akafunga rafu za taa, akapanga chupa zake. Humo ndimo alimofanya kazi hadi alipostaafu, na kwa kuwa wengi mmekuwa mkiuliza kwa miaka mingi Mama Chupa hasa anafuga nini, naomba nilieleze hapa kama alivyonieleza mimi, maana mengine yote nitakayosoma yanategemea jambo hili.

Alikuwa akikuza vijimea vya baharini, mimea midogo isiyoonekana kwa jicho tupu, ambayo kome hula, na ambayo ikizidi hubadilisha rangi ya maji. Alichukua vijimea vilivyotokana na kijimea mama kimoja, akavigawa, vingine akavipa mwanga mkali na vingine mwanga hafifu, vingine chakula kamili na vingine akavinyima, vingine akaviweka kwenye joto na vingine kwenye baridi, kisha akapitisha mwanga katika kila chupa na kupima ni mwanga kiasi gani umenyonywa na kiasi gani umetawanyika. Akagundua kwamba kijimea kilichokulia gizani hujaza rangi tele mwilini ili kinase kila mwanga kidogo kinachokifikia, lakini kijimea kilichokulia juani huku kikikosa chakula hupauka, kikabaki hai na wakati huohuo kikawa karibu hakionekani. Siku moja aliweka chupa mbili mezani mbele ya wakuu wake, moja ya kijani nzito na nyingine nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, akawauliza ipi ina vijimea vingi zaidi, wote wakanyooshea kidole ile ya kijani, na yeye akawaambia ile nyeupe inayo mara tatu zaidi. Wakuu walipiga makofi wakaenda kunywa chai. Yeye hakunywa chai, alibaki amekaa na ile chupa nyeupe, na baba mdogo, mume wake, anasema jioni ile alirudi nyumbani akasema neno moja tu, "Leo nimeogopa."

Alichokiogopa ni hiki, kwamba miaka hiyo ndipo picha za setilaiti zilipoanza kutumika kuchunguza bahari, na picha hizo husoma rangi ya maji ili kukisia wingi wa vijimea, na katika ghuba yetu kipo kijimea cha aina moja chenye sumu, ambayo kome huihifadhi mwilini bila wao kudhurika, na ambayo haitoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa.

Alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1990, na mfugaji wa kome aliyefika kituoni kulalamika kwamba kome wake wamekonda na huenda wana ugonjwa. Marehemu alimpimia maji akamjibu, "Kome wako hawaumwi, wana njaa tu," na kijana yule akamwambia, "Basi tumefanana, maana na mimi sijala tangu asubuhi." Wakaenda kula, na ndugu zangu, wakaendelea kula pamoja kwa miaka thelathini na miwili. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1992, ambaye leo ni fundi wa mabomba ya maji, na kijana aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1995, ambaye ni mpishi katika meli za mizigo na amefika jana mchana. Katika nyumba yao jokofu lilikuwa na rafu mbili za chakula na rafu moja ya chupa zisizoguswa, na watoto hawa walijua kusema "hiyo ni ya mama, si juisi" kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi.

Sasa nafika mwezi Agosti wa mwaka 2004, ambao katika ukoo wetu hatuuzungumzi sana, lakini marehemu aliniagiza niusome wote.

Mwaka ule mvua zilinyesha kwa wingi milimani na mto ukaleta baharini mbolea ya mashambani, tena mbolea ya aina moja tu, ile ya naitrojeni, huku fosforasi ikiisha kabisa ndani ya maji. Marehemu alikuwa ameshayaona haya chupani, kwamba kijimea kile kikishiba naitrojeni na kukosa fosforasi kinaacha kuzaana, kinapauka, na ile nguvu kinaitumia kujaza sumu. Jua likawaka wiki nzima bila upepo. Maji ya ghuba yakatulia, yakawa maangavu, mazuri mno, watu wakaenda kupiga picha ufukweni. Mama mdogo alichota ndoo moja kandokando ya vichanja vya kufugia kome vya mumewe, akatazama chini ya hadubini, kisha akatoka na koti lake jeupe la maabara bila hata kulivua, akaenda moja kwa moja kwa afisa wa uvuvi.

Asubuhi ya tarehe 19 Agosti mkutano uliitishwa katika ukumbi wa ushirika wa wafugaji, ambao mwenyekiti wake alikuwa baba yangu mzazi. Lori la barafu la wanunuzi lilikuwa limeshaegeshwa nje, injini inanguruma, na kome wa msimu mzima walikuwa kwenye magunia. Marehemu hakuomba mengi, aliomba wasubiri wiki moja, hadi nyama ya kome ipimwe sumu katika maabara kuu. Afisa wa uvuvi akafungua picha ya setilaiti, ghuba yote buluu tupu, akasema kwa upole kwamba hawezi kufunga uvunaji kwa ndoo moja wakati chombo cha angani kinaona bahari nzima ni safi.

Marehemu akajibu, "Hiyo picha inahesabu rangi, bwana afisa, haihesabu vijimea. Hivi vilivyomo humo vimepauka. Viko vingi na havionekani."

Baba yangu alikuwa mtu wa maskhara, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na alimpenda mke wa mdogo wake, nataka hilo lieleweke. Alisimama akasema, "Shemeji, wewe lea chupa zako, bahari tuachie sisi tuliozaliwa ndani yake." Watu wakacheka. Akaagiza bakuli la kome waliochemshwa kutoka jikoni kwa ushirika, akavuta kiti mbele ya wote, akasema, "Nikifa mtanizika, nikipona kila mmoja ananinunulia soda," na akaanza kula. Marehemu alimfuata, akashika ukingo wa bakuli, akamwambia kwa sauti ambayo waliokaa mbele wanaikumbuka mpaka leo, "Kaka, nakuomba," na hakuwahi kumwita kaka kabla ya siku ile, maana siku zote alimwita shemeji. Baba akamtoa mkono taratibu, akamaliza bakuli, akanywa na mchuzi. Lori likaondoka.

Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, na baba alirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana akilalamika kwamba wapishi wa ushirika wamezidisha pilipili, kwa kuwa midomo inamwasha. Mama akasema mbona kome hawatiwi pilipili. Baba akajishika midomo, kisha akatazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua, akasema kwa mshangao wa mtoto, "Sivisikii." Tulimpakia kwenye gari la jirani, na tulipofika hospitali miguu ilikuwa haimbebi tena, lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa, akatutambua wote, akauliza kama lori limefika mbali.

Marehemu alitukuta pale kwa mbio. Alimwambia daktari kwamba sumu ile haina dawa, ila hufunga pumzi, na mgonjwa akisaidiwa kupumua hadi sumu imtoke anaweza kupona. Mashine ya kupumulia ya hospitali ilikuwa moja, nayo ilikuwa kwa mtoto aliyegongwa na gari. Basi wakatumia mfuko wa kubonyeza kwa mkono, muuguzi akabonyeza, alipochoka mama mdogo akapokea, wakapokezana mchana kutwa, baba akiwa amelala macho wazi, hawezi kusema, hawezi hata kupepesa kope, na macho yake yakimtazama yeye. Mama mdogo alikuwa akimsimulia, hakunyamaza hata mara moja, mara habari za watoto, mara utani wa zamani, mara akamwambia, "Soda zako zinakusubiri, usinidhulumu." Jua lilipokuwa linateremka moyo wa baba ulisimama. Daktari alilazimika kumshika mikono yote miwili, kwa sababu aliendelea kubonyeza.

Ndipo baba mdogo, akiwa amemwacha kaka yake pale kitandani, alipopiga simu kwenye mizani ya barabara kuu, na lori lile likazuiliwa likiwa halijaingia jijini. Kome wote walifukiwa kwenye shimo la chokaa. Majibu ya maabara kuu yalipokuja yalionyesha kwamba magunia yale yangetosha kuua soko zima, na kwa hiyo wapo watu wengi mjini, wasiotujua na tusiowajua, ambao wako hai kwa sababu baba yangu alikula kwanza. Sisi wanawe tumeishi na jambo hilo. Halina utamu wowote.

Msiba ule uliigawa familia. Bibi, mama mzazi wa baba, alisema mbele ya watu kwamba aliyekitabiri kifo ndiye aliyekiita, akamkataza marehemu kukanyaga kizingiti chake, na wapo waliovuka barabara wakimwona anakuja. Yeye hakujitetea. Alikuja nyumbani kwetu kila Jumapili, akakaa kwenye kigoda cha jikoni karibu na mlango, na mama yangu hakumsemesha, wakakaa hivyo miezi na miezi, hadi Jumapili moja mama akamsukumia sufuria kwa mguu akamwambia, "Utakaa hivyo mpaka lini, menya viazi." Akamenya. Tangu hapo wakawa chanda na pete, na mama yangu yupo hapa, amekaa pale mbele, ndiye aliyemwogesha jana. Tena marehemu alikataza mtu asitamke mbele yake kwamba sikio la kufa halisikii dawa, akisema sikio la shemeji yake lilisikia vizuri sana, ila ile buluu ilikuwa imemjaza macho.

Baada ya hapo serikali iliweka utaratibu kwamba hakuna kibali cha kuvuna kome bila maji kuchotwa na vijimea kuhesabiwa kwa hadubini, hata picha ikiwa safi namna gani. Afisa yule wa uvuvi, ambaye aliomba nisimfiche, alikuwa akichota ndoo mwenyewe kila wiki na kumpelekea, jua au mvua, hadi alipostaafu. Mara nne katika miaka iliyofuata ghuba ilifungwa kwa sababu ya ndoo hizo, wafugaji wakanung'unika, mume wake naye akanung'unika, lakini hakuna aliyezikwa. Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2021, akiwa ameacha wanafunzi, maandiko, na chumba chenye chupa mia nne na ushee. Mwaka uleule ofisi ya uvuvi ilipata picha mpya, zenye rangi nyingi zaidi na zinazokuja kila siku, ikaamua kwamba kuhesabu kwa hadubini ni kazi ya kizamani. Ndoo zikakoma. Chumba chake nacho kimegeuzwa kuwa stoo ya injini.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2023 alianza kulalamika uchovu na maumivu ya ubavu, na tarehe 11 Aprili madaktari walimgundua kuwa na saratani ya ini, iliyokuwa imeshasambaa. Alipokea habari hizo kwa utulivu, akauliza maswali marefu kuliko daktari alivyotarajia, akaanza matibabu, akapata nafuu mwezi Juni, akarudi hospitali tarehe 2 Oktoba na hakutoka tena. Walimlaza ghorofa ya tatu, dirisha linaelekea ghuba. Wiki mbili zilizopita nilimkuta amesukuma mito yote upande mmoja ili aone nje, nikamwambia, "Mama mdogo, bahari leo imependeza." Hakunigeukia. Akasema, "Mvua ilikuwa nyingi mlimani mwaka huu. Upepo umekufa lini?" Nikachungulia nje, hakuna jani lililotikisika. Akasema, "Niitie afisa."

Yule afisa wa uvuvi, sasa mzee mstaafu, alikuja na maji ya ghuba kwenye chupa ya chai, msaidizi wa zamani wa mama mdogo kituoni akaazima hadubini ya shule ya sekondari, wakahesabu, wakarudi wakamnong'oneza. Ni kijimea kilekile, na kimepauka. Mama mdogo aliiandikia ofisi ya uvuvi kwa mkono wake, akajibiwa kwa heshima, akitakiwa afya njema, na kuambiwa kwamba picha zote za wiki zilikuwa safi. Msaidizi huyo amepeleka nyama ya kome maabara kuu. Majibu hayajafika hadi ninaposimama hapa.

Mama mdogo alifariki tarehe 6 Novemba 2023, asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono, dirisha likiwa wazi kwa sababu alikataa lifungwe. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mama yangu, na sisi wana wa kaka, ambao hakuwahi kututofautisha na wa tumbo lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya tatu, waliomvumilia akiwauliza kila dawa inavyofanya kazi, inawashukuru watafiti na wafanyakazi wa kituo cha bahari, walimu wa sekondari kwa hadubini yao, mzee wetu mstaafu wa uvuvi, na majirani mliopika, mliolala nasi sakafuni na mliobeba maji.

Tunawashukuru pia wafugaji wa ushirika, ambao kwa mapenzi mema mmetuletea leo asubuhi magunia mawili ya kome kwa ajili ya chakula cha waombolezaji. Tunaomba msituone watovu wa adabu. Hatukuwapika. Magunia yako nyuma ya nyumba, yamefungwa, na mwanangu amesimama hapo. Baba mdogo naye ana kome wa msimu mzima kwenye kamba za vichanja vyake, jana amekataa kuwavuna, na ameniambia niwaombe walio wakubwa na walio wadogo katika ushirika huu wasubiri wiki moja. Hatujui majibu yatasema nini. Nimepita ufukweni nikija hapa, maji yametulia, maangavu hadi unaona mchanga wa chini, na kule kwenye gati nimeona lori la barafu limeegeshwa.

Mama mdogo, umefanya kazi yako hadi pumzi ya mwisho. Lala wewe kwa amani, sisi tutabaki macho.